Jirani Nisiyemtaka

Kuna swali moja ambalo kwa miezi miwili nililiuliza mara nyingi kuliko nilivyotoa salamu. Nilianza nalo kisiwani Nosy Be, katika nyumba za mabati za Dzamandzar, nikavuka nalo hadi mji wa Mahajanga, nikaliuliza mtaa wa Mangarivotra, nikalimalizia mtaa wa Mahabibo. Lilikuwa hivi: "Kati ya watu nitakaokusomea, ni wepi ambao usingependa wawe majirani zako?" Kisha unasoma orodha. Walevi. Watu wa dini nyingine. Watu wa kabila jingine. Watu wenye asili ya nchi nyingine, na hapo unaandika nchi gani. Anayetajwa unambonyeza kwenye kishikwambi, kisanduku chake kinageuka kijani, unaendelea.

Nilikuwa nakaribia miaka hamsini. Nina shahada ya Dar es Salaam, ndiko nilikookota Kiswahili hiki, na nilikuwa nimechapisha insha za kutosha kujaza kabati lakini zisizotosha kujaza sufuria. Ndipo kampuni moja ya utafiti ikatangaza kuwa inatafuta wadadisi wa pwani ya kaskazini-magharibi kwa ajili ya maoni ya dunia nzima. Dunia nzima! Wangeulizwa watu wa Ulaya, wa Amerika, wa Asia, na sisi: kama wanaaminiana, kama wanaiamini teknolojia, kama wana matumaini na uchumi, wanaonaje mambo ya jamii. Nilijiona mtu mkubwa. Hatimaye dunia ilitaka kujua Mahabibo inawaza nini, na mlango wa kuingilia nilikuwa mimi, na fulana yangu mpya yenye nembo nisiyoielewa.

Miezi hiyohiyo mama alikuwa anafunga mizigo. Aliishi Dzamandzar tangu nilipokuwa na miaka minane, kwa kaka yake aliyefanya kazi kiwanda cha sukari. Kiwanda kilifungwa, kisha kaka yake akafariki, na mama akabaki akitazama bomba la moshi lisilotoa moshi. Siku moja akasema: "Nataka kurudi kwangu." Kwake ni nyumba ya vyumba viwili Mahabibo, ambayo hakuwa ameikanyaga kwa karibu miaka arobaini. Ufunguo alikuwa nao jirani, mwanamke wa rika lake wa Kisakalava, kabila la wenyeji wa pwani hiyo. Alikuwa ameifagia nyumba hiyo miaka yote, akiwaweka wapangaji na kuwafukuza. Mama alitaka kuzeekea ukuta kwa ukuta na mwanamke huyo, na nilikuwa nimeahidi kumsindikiza mara tu baada ya Idi.

Inabidi nieleze kwa nini aliondoka, ingawa ni jambo ambalo nyumbani kwetu huzungumzwa kwa kunyamaza.

Sisi ni watu wa asili ya Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa siku chache, kuwa Mngazija Mahajanga kulitosha kukuua. Sitasimulia yote; niliyoyaona ni machache, kwa sababu nilikuwa nimelala kifudifudi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Jirani yetu aliingia bila kubisha, akamshika mama mkono, akatuvusha uani hadi jikoni kwake, akatulaza sakafuni mimi, mama na dada yangu, akatufunika kwa mikeka na magunia ya mpunga. Kisha akaenda kusimama mlangoni kwake. Wanaume walipofika na kuuliza wako wapi Wangazija wa nyumba ya pili, nilimsikia akipaza sauti:

"Wangazija? Siwataki hata kuwanusa! Wameondoka jana, tena wameondoka na sufuria yangu. Mkiwapata, nileteeni sufuria yangu!"

Mtu mmoja kati yao alicheka. Wakapita. Chini ya mkeka nilihisi tumbo la mama likitetemeka, na nilidhani analia. Miaka mingi baadaye aliniambia alikuwa anajizuia asicheke, kwa sababu sufuria ile kweli alikuwa ameichukua.

Aliichukua kwa utani. Wawili hao walikuwa watani, mambo yaliyoanzia kwenye ndoa za mabibi zao, na pwani ile utani ni jambo zito kuliko cheti cha serikali. Mtani anakutukana mbele ya wageni na huruhusiwi kununa. Mtani anaweza kuteka kitu chako, jogoo, leso, sufuria, na huwezi kumtuma mtu akurudishie. Sharti uende mwenyewe, uombe, utukanwe, utukane, ndipo upewe. Nimekua nikimsikia jirani akimwamkia mama kila asubuhi kwa kumuuliza kama bado hajafa, na mama akimjibu kwamba anasubiri kwanza amzike yeye ili arithi mikeka. Kwa lugha ya vitabu nilivyosoma baadaye, huo ulikuwa mkataba wa kutodhuriana. Kwa lugha yao, ulikuwa asubuhi.

Basi turudi kwenye kishikwambi changu.

Nilifikia kwa mama wakati nadadisi Dzamandzar. Usiku wa kwanza aliniuliza, huku akifunga cherehani yake kwenye shuka: "Kwa hiyo wewe unalipwa kuwauliza watu kama wanapendana?"

"Kama wanaaminiana, mama."

"Na wakisema hapana, mnawafanya nini?"

"Tunaandika."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Alinitazama kama anavyotazama samaki wa juzi, akarudi kwenye mafundo yake.

Dodoso lilikuwa limetafsiriwa kutoka Kifaransa hadi Kimalagasi cha mji mkuu, lugha ambayo watu wa pwani wakiisikia hushika mifuko yao wakidhani ni mtu wa kodi. Kwa hiyo nilitafsiri tena papo kwa papo, kwa lahaja yetu, na kwa wazee wachache kwa Kingazija changu kibovu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa boila kiwandani nilimuuliza kama teknolojia imeyafanya maisha yake kuwa bora, mabaya, au imeyaacha vilevile. Akaelekeza kidevu kwenye bomba la moshi.

"Teknolojia niliyoijua ni ile pale. Niliipaka mafuta tangu nina nywele. Kaiulize yenyewe."

"Niandike lipi, mzee?"

"Andika lile litakalokuondoa hapa upesi, jua linachoma."

Mwanamke aliyekuwa akianika karafuu nilimuuliza kama mwaka ujao hali ya nyumba yake itakuwa bora.

"Inshallah."

"Inshallah bora, au inshallah mbaya zaidi?"

"Wewe mwanangu, unaniuliza mimi au unamuuliza Mungu?"

Kisanduku cha inshallah hakikuwapo. Palikuwa na kisanduku cha "sijui", lakini tulionywa kwenye semina ya mafunzo kwamba "sijui" zikizidi, mdadisi ndiye mvivu, na atakatwa malipo. Nikabonyeza "bora". Nilifanya hivyo nyumba baada ya nyumba. Kama umewahi kusoma mahali kwamba watu wa Nosy Be wana matumaini makubwa na uchumi, matumaini hayo ni yangu: nilitumaini kumaliza kabla ya adhuhuri.

Mimi nilicheka. Niliona nimepata insha nzuri ya kuchekesha. Ndiyo shida ya watu wa aina yangu: tunadhani jambo likishatuchekesha, limeshatusamehe.

Nilipofika Mahabibo, hesabu ya nyumba ilianzia msikitini, kila nyumba ya tano, na ya tano ya pili ikaangukia mlango wa jirani yetu. Kanuni ilikuwa wazi: ukimfahamu mhojiwa, ruka, nenda nyumba inayofuata. Sikuruka. Nilitaka anione na fulana yangu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, uso umepakwa liwa, akikaanga mokari, ndugu wa vitumbua vyetu. Vibaraza vya jirani vilikuwa vimejaa watu wakisubiri ziive.

"Huyo!" akasema kabla sijasalimu. "Mtoto wa mwizi wa sufuria. Mama yako bado hajafa?"

"Bado, dadi. Anakuja baada ya Idi." Dadi ni bibi, kwa Kimalagasi chetu.

"Aje upesi. Nimechoka kufagia uchafu wa Wangazija."

Alijibu maswali yote kwa bidii kuliko mtu yeyote niliyemhoji. Je, watu wengi wanaaminika, au inabidi kuwa mwangalifu? "Wanaaminika. Ndiyo maana ninakuwa mwangalifu, nisiwapoteze." Simu imemsaidia? Imemsaidia kujua mapema nani amekufa, aandae nguo za matanga. Kisha nikafika kwenye swali langu, na sikumaliza hata orodha.

"Wangazija!" alipaza sauti hadi mwisho wa kichochoro. "Andika! Wachoyo, wananuka nazi, wanaondoka na kuniachia ufunguo miaka arobaini kama mimi ni msumari wa kutundikia. Siwataki hata kuwanusa!"

Vibaraza vikaangua kicheko. Mzee wa ng'ambo ya kichochoro akainua mkono: "Na mimi niandike, siwataki! Wanakula biriani bila kunialika!" Mwingine naye: "Niandike mara mbili!" Na kwa kuwa hesabu ya alasiri iliangukia nyumba za baadhi yao, niliwaandika kweli, mmoja mmoja, wakisema yaleyale wakiwa wanapangusa machozi ya kucheka. Nilibonyeza kwa sababu waliniambia niandike, kwa sababu kishikwambi hakiendi mbele bila kubonyezwa, na kwa sababu nami nilikuwa nacheka. Niliyasikia maneno ya jirani na nikayakumbuka. Nikaona uzuri wake, nikayahifadhi kwa ajili ya insha.

Alasiri hiyohiyo nilimhoji pia fundi simu mmoja, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye kibanda kona ya sokoni. Naye alitaja Wangazija. Hakucheka. Nilimngoja acheke, nilitabasamu kumwanzishia. Alinitazama tu, bisibisi mkononi, akangoja swali linalofuata. Kisanduku chake kikageuka kijani kilekile.

Majibu yakaenda mji mkuu kwa mtandao. Nililipwa, nikanunua shati la Idi, na wiki chache baadaye nikapanda gari la abiria kuelekea kaskazini, kisha boti ya kuvukia, kwenda kumchukua mama.

Nilikuta cherehani imefunguliwa. Shuka lilikuwa limekunjwa juu ya kitanda, na cherehani imerudi dirishani mahali pake, na kipande cha kitambaa chini ya sindano.

"Kulikoni, mama?"

"Umesikiliza redio?"

Sikuwa nimesikiliza. Alikuwa amesikia habari za asubuhi. Mtangazaji alisema utafiti wa dunia umeonyesha kwamba watu wa sehemu za pwani hawataki majirani wenye asili ya Komoro, na kwamba Mahajanga ndiyo iliyoongoza. Baada ya hapo ilikuwa bei ya vanila.

Nikacheka. Ndivyo nilivyo. Nikamweleza yote: wale waliosemwa na redio ni mtani wako, na mzee wa ng'ambo, na kina fulani, wote walikuwa wanatania, na aliyewaandika ni mimi hapa, mwanao. Nilimwigizia hata sauti. Nilipofika kwenye "siwataki hata kuwanusa" nilidhani atacheka kama alivyojizuia kucheka siku ile.

"Siku ile nilikuwa naisikia sauti yake," mama akasema. "Redio haina sauti yake."

"Lakini mimi nilikuwapo, mama. Nilisikia."

"Wote walikuwa wanatania?"

Nikamkumbuka fundi simu. Ningeweza kusema ndiyo. Nimewabonyezea watu wengi kisanduku cha uongo bila aibu, sijui kwa nini siku hiyo ulimi ulikuwa mwaminifu.

"Wengi," nikasema.

"Wengi." Alirudia neno hilo polepole, kama mtu anayepima kitambaa kwa mkono. "Hata mwaka ule, mwanangu, wengi walikuwa watu wazuri."

Kisha akasema: "Kachukue ufunguo, uiuze ile nyumba." Akakanyaga cherehani, na mazungumzo yakaisha, kwa sababu cherehani ile ina kelele.

Kabla ya kuondoka Nosy Be nilimpigia msimamizi wangu, kijana mwenye adabu anayeongea kama tangazo la benki. Nilimweleza kwamba kwenye majibu ya Mahabibo kuna kosa.

"Kosa gani, mzee wangu?"

"Wahojiwa walikuwa wanatania."

"Walikataa kujibu?"

"Walijibu. Walijibu kwa utani. Ni desturi. Wanasema hawawataki kwa sababu wanawataka."

"Mzee wangu, hicho ndicho walichosema?"

"Ndicho walichosema."

"Na ndicho ulichoandika?"

"Ndicho."

"Basi kosa liko wapi?"

Nilianza kueleza habari za ndoa za mabibi. Akanisikiliza kwa uvumilivu, kisha akaniambia faili limeshafungwa, na kwamba tungeweka kisanduku cha utani kila mwenye chuki angejificha humo. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba kwenye hilo alikuwa na hoja. Fundi simu angejificha humo. Nilibaki na simu mkononi nikiwa na hasira na dunia nzima kwa kuniuliza maswali yake, ilhali dunia haikunibonyezea hata kisanduku kimoja.

Niliporudi Mahabibo nilimkuta jirani anachambua mboga. Nilimwambia, bila kuzungukazunguka, kwamba mama haji, anauza nyumba, na nimetumwa ufunguo. Akauliza sababu. Nikamweleza habari za redio. Alikuwa hajaisikia, mwanawe ndiye mwenye redio, na husikiliza mpira tu.

Aliweka kisu chini.

"Uliandika?"

"Uliniambia niandike, dadi."

"Nilikwambia uandike!" Alipiga viganja. "Umesoma mpaka ng'ambo ya bahari, na mtu akikutania unakwenda kumpeleka serikalini? Nikikwambia mama yako ni fisi, utaandika fisi?"

Majirani walitazama. Hakuna aliyecheka, na yule mzee wa ng'ambo aliyetaka kuandikwa aliingia ndani kwake taratibu.

Jirani akainuka, akaingia chumbani, akarudi na ufunguo. Sikuwahi kuuona tangu utotoni. Ulikuwa mrefu, wa chuma cheusi. Akaufunga kwenye pindo la saluva, nguo aliyojifunga mwilini, mafundo mawili, akakaa chini juu yake.

"Nimeuteka," akasema. "Kamwambie. Mimi siwapendi Wangazija, dunia nzima imesikia. Ufunguo wake nimeuteka. Kama anautaka, aje auombe kwa mdomo wake."

Nilimpigia mama hapohapo. Nilimwambia neno kwa neno.

"Ameuteka?"

"Ameuteka. Ameukalia."

"Mwizi yule," mama akasema. Nilijaribu kusikia kama kuna kicheko ndani ya sauti. Mtandao ulikuwa unakatika.

Alikuja. Sijui kama alikuja kwa kutaka au kwa sababu mtani akiteka, kukataa kwenda ni kuuvunja utani, na huo ni mzigo ambao hata redio haiwezi kukutua. Nilimpokea stendi, tukafika kwa bajaji, cherehani miguuni, sufuria mapajani. Jirani alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yetu, ameuziba mlango kwa mwili wake wote, ufunguo umefungwa pindoni. Walitazamana. Walikuwa wazee, nadhani kila mmoja alishtuka kumwona mwenzake hivyo.

"Kwa hiyo hujafa," jirani akasema.

Mama alichukua muda. Zamani jibu lingemtoka kabla ya swali kuisha.

"Nilisubiri wewe utangulie," akasema.

"Omba ufunguo wako, Mngazija."

Mama akauomba, kwa maneno ya desturi, akatukana inavyopasa, akatukanwa inavyopasa, akapewa. Wakashikana mikono kwa muda mrefu. Watu walishangilia. Mimi niliona kila kitu kimefanyika kwa mpangilio wake, kama swala ya mtu mwenye mawazo.

Asubuhi yake mama aliniomba nimwekee komeo mlangoni, kwa ndani. Nyumba ile haikuwahi kuwa na komeo. Ilikuwa na ufunguo wa nje tu, wa kuachiwa jirani. Nilikwenda sokoni nikanunua komeo la chuma na misumari minne. Kibanda cha fundi simu kilikuwa palepale, na alinisalimu vizuri sana.

Nilipoanza kugongomea, jirani akatokeza kichwa ukutani.

"Unagonga nini?"

"Komeo, dadi."

"La ndani?"

"La ndani."

Akalitazama komeo, akanitazama mimi, akamtazama mama aliyekuwa amekaa chini anapeta mchele kwenye ungo.

"Moja halitoshi," akasema. "Aweke mawili. Mimi nina nguvu."

Nilishusha nyundo nikangoja. Mama akaokota jiwe dogo kwenye mchele, akaligeuza mara mbili kati ya vidole, akalirusha uani, upande wa jirani.

"Weka mawili," akaniambia.

Nilimtazama usoni nijue kama anatania. Nimewauliza watu maswali kwa malipo, nina shahada, na nimezaliwa na mwanamke yule. Sikujua. Nikarudi sokoni kununua la pili.